Sevu ya Kapteni

Jumamosi, 1 Machi

Kinyozi ameshonwa juu ya jicho la kulia, kwa maelezo ya Muuguzi, ambaye ndiye aliyemshona. Silaha ilikuwa pedi ya kuchezea gemu. Aliyeirusha ni kaka yake Muuguzi, dereva wa lori la maji. Walikuwa wakibishana kama sehemu ya tisa ya Kiapo cha Chuma, ambayo haijatoka, itaizidi sehemu ya nne, iliyotoka Kinyozi akiwa bado na nywele za kunyoa.

Nimeandika habari za polisi na mahakama miaka mingi. Nimeona watu wakiuana kwa mpaka wa shamba, kwa wivu, kwa pombe. Kwa gemu, bado.

Ukumbi wa gemu walikopigania unatazamana na dirisha langu: chumba kirefu, skrini ukutani, viti vya plastiki, nyaya sakafuni na harufu ya soksi. Ulianzishwa na mdogo wangu anayenifuata, marehemu, ambaye pale kila mtu alimwita Kapteni, pamoja na rafiki yake Kinyozi. Baadaye waliuuza kwa huyu Mwenye Ukumbi wa sasa. Kitinda mimba wetu, ambaye kwa ufupi tunamwita Kitinda, ni fundi wa kuchomelea vyuma na karakana yake imepakana na ukumbi, ukuta kwa ukuta.

Mvua ya kwanza ya msimu ilianza wakiwa wameshikana. Walipotolewa nje waliendelea matopeni.

Jumapili, 2 Machi

Mvua. Hakuna aliyepigwa.

Ijumaa, 7 Machi

Tisa imewashwa leo mchana. Kusukumana kulivunja kioo cha mlango na fundi viatu akakatwa kiganja. Alikifunga kwa shati lake akakaa foleni tumbo wazi.

Inaanza kwa kijiji kuchomwa na kichwa cha mfalme kubingirika ngazi baada ya ngazi. Damu inaruka mpaka kwenye kioo cha skrini, kana kwamba skrini yenyewe imechomwa kisu. Dereva alisimama juu ya kiti. "Ona damu hiyo! Ya kwenye Nne ilikuwa kama sharubati!"

Kinyozi alikaa mbele na plasta yake usoni. Kila baada ya muda skrini ilijaa maandishi: bonyeza hapa uruke, bonyeza hapa uokote, fuata mshale. "Hii gemu inanilisha kwa kijiko," alisema. "Mimi maelekezo sisomi. Nabonyeza mpaka yaondoke." Wenzake, wanaojiita Wanne, walipiga makofi. Ndiyo fahari yao. Katika sehemu ya nne hapakuwa na mshale. Uliuliza njia kwa mwenye nyumba ya wageni, na kama jana yake ulimwibia mkate, alikuelekeza kwenye kinamasi.

Muuguzi alikuwa ametoka kazini, na sare yake. "Mzee wangu, kwenye Nne yenu wanawake wote wako mnarani wanalia waokolewe. Kwenye Tisa mimi ni jemadari. Unataka nirudi mnarani?"

"Sijasema mnarani. Nasema kwenye Nne mwenzako akifa, amekufa. Unamzika, unaendelea na pengo lake. Hii yenu unammwagia dawa, anainuka, anapangusa magoti. Gemu isiyokunyang'anya kitu haikupi kitu."

"Mimi nashinda wodini na wanaokata roho. Nikivua sare hii sitaki mashine inifundishe kifo. Nakijua."

Kwa maoni yangu mjadala ungeishia pale. Lakini Dereva alinyoosha kidole kwenye rafu, ilipo mashine ya zamani ya Kapteni ndani ya kisanduku cha kioo. "Basi kazikeni na hilo kopo lenu! Hiyo sevu ya marehemu mnayoiamkia kama kaburi, nipeni mimi. Naimaliza kabla chai haijapoa."

Kitinda alivuka viti viwili na kumpiga ngumi ya mdomo. Jino lilipatikana baadaye kwenye ndala ya mtu.

Nieleze hiyo sevu. Mchezo ukiusimamisha, mashine inauhifadhi pale ulipofika. Hapo ndipo panaitwa sevu. Kapteni alifika kwenye daraja mbele ya Lango, mwisho kabisa wa sehemu ya nne, akiwa na wenzake wanne aliowapa majina yetu. Tabibu mwenye fimbo anaitwa Bi Mkubwa, yaani mama yetu. Mpiga upinde anaitwa Mwandishi, yaani mimi. Mwenye ngao ni Kitinda. Mwenye panga mbili ni Kinyozi. Lango hilo halipitiki bila kumwacha mmoja nyuma afe, na ni mchezaji anayechagua. Kapteni alisema atachagua kesho, halafu kesho. Figo zake hazikungoja. Mpaka leo wamesimama darajani, watano, na upepo unapeperusha majoho yao.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata Kitinda karakanani.

"Dada, kuna maneno hayavumiliki."

"Kuna meno pia hayaoti tena."

"Angelikuwa Kapteni angefanya vilevile."

"Kapteni angecheka, na wewe unajua."

Alishusha barakoa ya kuchomelea usoni akaendelea na kazi. Huwezi kubishana na mtu aliyevaa dirisha jeusi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Dereva amepita na lori akapiga honi mbele ya karakana mpaka vikombe vyangu vikagongana.

Alhamisi, 13 Machi

Matairi mawili ya lori yamekatwa. Hakuna aliyeona, kama kawaida ya mtaa mzima ukiwa umeona.

Alasiri Dereva alirudi na matairi ya kuazima, akasimama mlangoni pa karakana, akafungua bomba. Maji yalimkuta Kitinda na mashine ya kuchomelea ikiwa imewashwa. Umeme ulimtupa kwenye lundo la mabati. Ana jeraha la kuungua kiganjani, jeusi, lenye umbo la mpini wa kifaa alichoshika. Muuguzi alimfunga bandeji huku akimtukana kaka yake kwa maneno ambayo gazeti langu halichapishi.

"Siku moja nitakushona wewe," alimwambia Dereva. Dereva alicheka. Kila kitu kwake ni kicheko. Namwona mtu wa hovyo, na nimeandika hivyo ili nisije nikasema baadaye kwamba sikumwona hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Mwenye Ukumbi ameitisha mdahalo wa amani. Masharti: kila upande useme kwa zamu, bila matusi, bila kugusa mtu. Wanne walisema waandishi wa zamani wa gemu waliondoka baada ya sehemu ya tano, na kampuni ikabaki kuuza mavazi ya mashujaa. Watisa walisema Nne ilikuwa na makosa mengi hadi farasi walipita ukutani. Mmoja akaimba muziki wa Nne, mwingine akaimba wa Tisa kumzima, na nafikiri ndivyo kiti cha kwanza kiliporuka. Wameumia saba. Mvua imevunja mfereji, na maji ya mtaa yamepita sakafuni yakabeba viatu.

Jumanne, 18 Machi

Kinyozi amevuka barabara na mashine ya Kapteni ndani ya koti la mvua, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Kila mwaka kabla ya siku ya kumwamkia Kapteni huichukua kwenda kuifuta vumbi na kukausha unyevu. Katika genge lile lote, niliwaza dirishani, huyu ndiye mwenye adabu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya mawe. Mashine imerudishwa rafuni. Kinyozi hakunisalimu; nilidhani hakuniona.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika baada ya kutoa maelezo polisi, kwa mpangilio uleule niliowapa.

Leo ni siku aliyofariki Kapteni. Siku hii Wanne hukusanyika ukumbini alasiri. Mashine yake huwashwa, sevu hufunguliwa, wote husimama na kusema, "Shikamoo, Kapteni." Hutazama daraja. Pedi haiguswi. Kisha hufunga. Nami huenda, kwa kuwa nimo darajani.

Muuguzi alikuja na kaka yake. Dereva alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na alibeba kisanduku kipya cha kioo, kizuri kuliko cha zamani. Nilimsikia dada yake akimwambia mlangoni: "Utaweka hicho, utaamkia, utatoka. Usifungue mdomo."

Mwenye Ukumbi aliwasha. Orodha ya sevu ikatokea. Palipokuwa na maneno "Kapteni, Daraja la Lango" paliandikwa "Tupu". Alizima, akawasha tena. Tupu. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati.

Dereva akacheka.

Kicheko kifupi, cha puani. Kitinda akamgeukia. "Umefanya nini?"

"Mimi? Wallahi sijagusa, wallahi sijagusa," na huku bado anacheka.

Kitinda akatoka. Nilidhani ameenda kulia asikoonekana, na watu wengine walidhani hivyo pia, maana walimpisha. Kinyozi alikuwa amesimama karibu na rafu, mkono mdomoni. Muuguzi alimwambia kaka yake, "Twende." Dereva aliinama kuweka kisanduku chake chini taratibu, kisivunjike.

Kitinda alirudi na nondo.

Dereva aliinua kiti cha plastiki kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilipasua kiti, likamvunja mkono wa kushoto na kumpata upande wa kichwa. Alianguka katikati ya viti. Alijikusanya akapiga magoti, mikono yote miwili sakafuni, hata uliovunjika, hana kiti, hana kitu, anamtazama dada yake. Pigo la pili lilikuwa la kisogoni. Nilikuwa umbali wa kumshika Kitinda shati. Sikumshika.

Damu ilifuata mistari ya vigae kuelekea kwenye nyaya. Mwenye Ukumbi alivuta swichi kuu na skrini zote zikafa. Gizani Muuguzi alikuwa anatoa amri kwa sauti ya wodini: shika kichwa, usikigeuze, lete kitambaa, si hicho, kisafi. Kitinda alisimama na nondo yake, na hakuwa akimtazama aliyempiga. Alikuwa akitazama rafu.

Nilipomgusa bega alisema, "Dada," kama mtu anayeamshwa.

Afisa aliyeandika maelezo yangu aliuliza mapigo yalikuwa mangapi. Nilisema mawili. Aliuliza la pili lilimkuta akiwa vipi. Nilisema.

Jumamosi, 22 Machi

Fuvu limepasuka na hajazinduka, amesema daktari wa zamu. Kitinda yuko mahabusu.

Mama amekuja bila mwavuli, maji yanamtiririka.

"Umewaambia mapigo mangapi?"

"Mawili."

"Ungeweza kuona moja."

"Niliona mawili, Mama."

"Mwanangu, macho ni yako, si ya serikali." Alikaa kitandani kwangu akavua viatu, akavitazama. "Mmoja nimemzika. Huyu unataka nimzike akiwa hai?"

Wakili naye ameeleza bila kuzunguka: pigo la kwanza linateteeka, kwa sababu ya kiti. Kesi yote iko kwenye la pili. Na wengine waliokuwepo wanasema giza, viti, vurugu, hawakuona vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Mhariri amenitaka niandike habari hii. Nimekataa. Shahidi haandiki. Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Dereva amefariki asubuhi, kwa taarifa ya Muuguzi kwa simu. "Sikuwa zamu," alisema. "Nilikuwepo tu." Kisha: "Unajua kwa nini alicheka? Akiogopa hucheka. Tangu mdogo. Alicheka hata kwenye msiba wa baba, wakampiga."

Nimefungua ukurasa wa tarehe 13 nikasoma nilichoandika. Sikifuti.

Ijumaa, 28 Machi

Baada ya maziko malori ya maji ya wenzake Dereva yalikuja mtaani, moja nyuma ya jingine, taa zikiwaka mchana. Walianza na karakana ya Kitinda. Mitungi ya gesi ilipolipuka, mlango wa chuma ulivuka barabara na kukaa kwenye ukuta wa nyumba yetu. Moto ukaingia ukumbini. Skrini zilipasuka moja moja kama mbegu kaangoni. Mtu mmoja alimvuta Mwenye Ukumbi kwa ukosi wakampiga mateke mbele ya duka lake, naye alikuwa akipiga kelele kwamba yeye ni Mtisa, ni Mtisa, kama vile hilo lingesaidia. Lililo la ajabu, waendesha malori wale walikuja na maji ya kutosha kuuzima mtaa mzima, na hawakuyafungua.

Nilikuwa chini ya nyumba yetu, kwenye duka la Kinyozi la kunyolea. Mawe yalivunja kioo cha mbele, na kipande kilimchana mteja sikio. Kinyozi alinivuta ushungi akaniingiza chumba cha nyuma, akasukuma kabati mlangoni.

Mle ndani palikuwa na skrini inawaka. Alikuwa akicheza wakati malori yalipofika, akasimamisha. Tisa. Niliitambua kwa mshale wake.

Kwenye skrini watu watano walikuwa wakitembea nyikani, ng'ambo ya Lango. Juu ya vichwa vyao palikuwa na majina. Kapteni. Bi Mkubwa. Mwandishi. Kitinda. Kinyozi.

Nje walikuwa wakigonga mlango kwa kitu kizito. Nilimuuliza, na nadhani sikupaza sauti: "Hii ni nini?"

Aliketi kwenye ndoo. "Nilisikia Tisa inaweza kuwapokea mashujaa wa zamani. Nilitaka avuke, dada. Avuke bila kumwacha mtu. Miaka yote wako pale darajani na upepo ule."

"Wewe? Wewe uliyesema gemu isiyonyang'anya kitu?"

"Nilisema." Alifuta uso kwa taulo la wateja, likaacha nywele za watu shavuni. "Sehemu ya sita ilikuwa inanakili. Ya zamani inabaki, mpya inazaliwa. Hii haikunakili. Ilihamisha. Nilipoona, nilijaribu kurudisha usiku mzima, haina njia."

"Haikukuonya?"

"Yalitokea maandishi."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Nilimwona tena amekaa mbele na plasta yake, wenzake wakimpigia makofi. Alibonyeza mpaka yakaondoka.

"Kitinda alipotoka kwenda karakanani," nilisema, "ulikuwa umesimama karibu na rafu."

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Alienda, akachagua nondo, akarudi."

"Nilikuwa natafuta maneno, dada."

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga mtu mzima. Kovu lake bichi la juu ya jicho lilifunguka, akabaki amekaa, damu inaingia jichoni, haipangusi. Kisha mvua ikaja kwa kishindo, na nje kelele zikapungua, maana hata wenye hasira hawapendi kulowa.

Mashine ya Kapteni imeungua ukumbini pamoja na rafu yake na visanduku vyote viwili. Sevu ingebaki mahali pake, isingekuwepo leo.

Jumapili, 30 Machi

Nilimpa Kinyozi mpaka leo: aende mwenyewe kutoa maelezo, au niende mimi. Amekwenda. Amenyoa hata zile nywele chache zilizombakia, kwa mkono wake, na kujikata mara kadhaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Shtaka limebadilishwa kuwa la kuua.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeruhusiwa kumwona Kitinda. Paji lake la uso limepasuka na kuvimba. Askari amesema alijigonga ukutani siku alipoambiwa habari za Kinyozi, na walihitajika watu watatu kumzuia. Mikono yake imefungwa mbele. Kovu la umeme limeanza kubanduka.

"Alisema wallahi," aliniambia.

"Alisema."

"Mara mbili. Mimi nikasikia kicheko tu." Alitazama mikono yake. "Kinyozi yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Nikitoka nitamuua." Kisha, kwa sauti nyingine: "Sitamuua. Nimechoka. Mama anakula?"

"Anakula kidogo."

"Dada, ukiitwa utasema mara ngapi?"

"Mbili."

"Na ya pili alikuwa..."

"Amepiga magoti. Mikono chini."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayesikia bei anayoijua. "Mama atakuchukia."

"Ameshaanza."

"Nyie watu wa magazeti," alisema, na kidogo tu mdomo wake ukataka kucheka. "Hamwezi hata kumkosea mtu herufi moja kwa upendo."

Jumapili, 13 Aprili

Mama hajanisemesha tangu nilipotoka kumwona Kitinda mahabusu. Hupitisha maneno kupitia jirani: mwambie huyo chumvi imekwisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Muuguzi amekuja. Alibaki amesimama, mgongo mlangoni.

"Nimesikia mashahidi wote wameona giza," alisema. "Swichi ilivutwa baada ya pigo la pili. Baada, si kabla."

"Najua."

"Sijaja kukuomba uongeze kitu. Usimfanye kaka yangu malaika. Yale maji aliyafungua mwenyewe. Sema ulichokiona tu."

Nilimuuliza kama bado anacheza. Alinitazama kama nimemuuliza kama bado anapumua. "Nilifungua mara moja. Wakaanza kuinuka, wanapangusa magoti. Nikazima." Akafungua mlango. "Mwambie mzee wako Kinyozi kwamba alikuwa sahihi. Halafu mwambie sitamsamehe."

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imekatika kwa siku nzima. Mtaa unanuka majivu yaliyolowa.

Alhamisi, 1 Mei

Kinyozi amekuja mchana kwa Mama na skrini begani na mashine ya Tisa kwenye mfuko wa mchele. Nilidhani Mama angemfukuza. Alimpa kiti, kama anavyompa kila mtu.

"Mama, nimekuletea Kapteni," alisema. "Sistahili kukaa naye."

Mama hajawahi kutazama gemu maishani. Aliweka miwani akasogea. Kwenye skrini nyika ilikuwa na vumbi na watu watano walisimama wakisubiri.

"Huyu wa mbele?"

"Ndiye yeye."

"Amekonda." Alitazama tena. "Huyu mwenye fimbo?"

"Ni wewe, Mama."

"Na huyu mwenye ngao?" Hakungoja jibu. Jina lilikuwa juu ya kichwa.

Kinyozi alibonyeza mbele, na kabla hawajafika mbali watu wenye mashoka waliwatokea vichakani. Tisa haina haya. Shoka lilimpata mwenye ngao shingoni na damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Mama alirudisha kichwa nyuma kana kwamba imemfikia. Mwenye ngao akaanguka. Yule tabibu, Bi Mkubwa, akamkimbilia akamwinamia, na mwanga ukatoka kwenye fimbo. Kitinda akainuka, akapangusa magoti.

Mama alivua miwani. "Kila akianguka nitamwinua?"

"Kila akianguka, Mama."

"Na yule wa lori, yumo humu?"

Kinyozi alitazama pedi mikononi mwake. "Hayumo."

"Basi zima," alisema Mama.

Alizima. Kinyozi alipoondoka aliacha vitu vyote mezani na Mama akavifunika kwa kanga, kama chakula. Kisha akanisemesha, bila kupitia kwa jirani.

"Yule dada yake. Ana mama?"

"Alikufa zamani."

"Atakaa na nani siku hiyo mahakamani?"

"Sijui, Mama."

"Wewe si mwandishi? Uliza."

Jumatano, 7 Mei

Manyunyu. Muuguzi amesema atakuja peke yake.

Jumanne, 13 Mei

Hati ya wito imethibitishwa na karani wa mahakama leo asubuhi. Wakili amenipigia mara ya mwisho kuuliza kama nina uhakika na pigo la pili, kwa kuwa kumbukumbu za watu hubadilika. Nimemwambia zangu nilizitoa polisi siku ileile, zimeandikwa na nimetia sahihi.

Mama amepiga pasi nguo mbili, yake na yangu. Ametaka kujua kama benchi la mbele lina nafasi ya watu wawili, na mimi nitakapokuwa kizimbani nitakuwa nimeelekea upande gani. Nimemwambia nitakuwa nimemwelekea Kitinda.

Kesi inaanza kusikilizwa kesho, Jumatano, saa tatu asubuhi, mahakama namba mbili. Shahidi wa kwanza ni mimi.